Usilifute, Huenda Linatumika

Fungua folda ya plagini yoyote ya WordPress iliyopita mikononi mwa watu watatu au zaidi, utakuta faili linaloitwa functions2.php. La kwanza halipo. Hakuna ajuaye lilikwenda wapi, wala hakuna aliyethubutu kulibadilisha jina hili la pili, maana tovuti inafunguka, na tovuti inayofunguka haichokonolewi. Jirani yake ni functions-new.php, ambalo kwa tarehe ni la zamani kuliko functions-old.php. Kuna helpers.php lisilomsaidia mtu. Kuna backup_final_FINAL.php. Na kuna test.php, ambalo ukilifungua kwa dharau unagundua kwamba ndilo linalopokea malipo ya wateja tangu duka lifunguliwe.

Riziki yangu imo humo. Nafanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi ndogo inayoandika na kukarabati plagini za vikoba, shule binafsi na maduka ya vipuri vya magari. Kuandika upya ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kurithi. Mteja anakuja na tovuti iliyoandikwa na mpwa wake ambaye sasa yuko masomoni, ikarekebishwa na fundi waliyegombana naye kuhusu malipo, ikamaliziwa na rafiki wa huyo fundi. Anakaa, anakunja shati mikono, anasema: "Kaka, kazi yenyewe ndogo tu, ni kubadilisha rangi ya kitufe." Upelelezi ukikamilika, rangi ya kitufe inakutwa ndani ya faili linaloitwa database.php.

Watu wanapenda kuilaumu PHP, na PHP yenyewe haijawahi kukana. Lugha hii Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, akaitoa hadharani Juni 1995, na tangu hapo msimamo wake kuhusu mafaili haujayumba: lete chochote. Java itakugombeza kama klasi yako ya umma na faili lake havina jina moja. PHP haiulizi. Ndani ya faili moja unaweza kurundika klasi, funksheni, HTML, amri za hifadhidata na orodha ya michango ya arusi. Kitakachoangukia nje ya alama zake za kufungulia na kufungia, itakimwaga kwenye skrini kilivyo, bila kuuliza kama ulikusudia. Lerdorf mwenyewe amewahi kueleza kwamba huko mwanzoni, lugha ikiwa na funksheni zisizofika mia, mashine ilizitafuta kwa kuhesabu urefu wa jina, kwa hiyo baadhi ya majina yalichaguliwa kwa urefu ili nafasi zisijazane. Basi mtu akikusimanga kwa kuita faili lako abc.php, mjibu kwamba unafuata mila za ukoo.

Hata kiendelezi cha mwisho wa jina kimepitia mengi. Enzi za PHP 3 watu waliandika .php3. Waliochanganya msimbo na HTML wakapenda .phtml. Na walioona ni ustaarabu kutenganisha faili la kufunguliwa na mgeni na faili la kuitwa na mafaili mengine, hilo la pili wakalipa .inc. Nia ilikuwa njema. Bahati mbaya seva haijui nia, inajua ilichoagizwa, na kama haikuagizwa kwamba .inc nayo ni PHP, humpa kila aombaye faili hilo kama maandishi ya kawaida. Ndivyo nilivyofungua config.inc ya duka moja la vipuri kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, nikasoma jina la mtumiaji na nywila ya hifadhidata nzima. Nywila ilikuwa jina la duka likifuatiwa na 123. Nikampigia mwenye duka kumtahadharisha.

"Hiyo mbona si siri," akanijibu. "Hata vijana wa kaunta wanaijua."

WordPress, iliyozaliwa mwaka 2003, ilirithi uhuru huu ikauongezea sheria chache. Tatizo ni kwamba sheria nyingine zinahusu jina la faili na nyingine zinahusu kilichomo, na huambiwi ni ipi hadi uivunje. Faili kuu la plagini, kwa mfano, liite utakavyo. Liite mchicha.php. WordPress inapita kwenye folda ya wp-content/plugins, inafungua mafaili ya PHP, inasoma kilobaiti 8 za mwanzo na kutafuta maneno Plugin Name yenye nukta mbili mbele yake. Ikiyaona, hiyo ni plagini. Isipoyaona, hata ungeandika humo mfumo wa benki, kwake hakuna kitu. Hello Dolly, ambayo kwa miaka mingi imekuja pamoja na WordPress, ni faili moja tu linaloitwa hello.php, na kazi yake ni kuandika juu ya ukurasa wa msimamizi mstari mmoja wa wimbo uliotamba kwa sauti ya Louis Armstrong. Haiuzi, hailindi, haiharakishi kitu. Wateja wetu wengi wanayo, na kila ninapopendekeza iondolewe naambiwa niiache, imekuja na mfumo.

Kwa kuwa uhuru ulizidi, watu wema wakatengeneza violezo. Kimojawapo, WordPress Plugin Boilerplate, kinakupa folda zilizokwisha pangwa: includes kwa mitambo ya ndani, admin kwa anachokiona msimamizi, public kwa anachokiona mgeni, languages kwa tafsiri. Ndani ya includes kuna class-plugin-name-activator.php kwa siku ya kuwasha na class-plugin-name-deactivator.php kwa siku ya kuzima. Ndani ya admin kuna folda ndogo ya partials, makao ya mafaili ya kuchora kurasa tu. Ukikitazama mara ya kwanza unapata imani kwamba maisha yanapangika. Kazi uliyobakiza ni moja: popote palipoandikwa plugin-name, weka jina la plagini yako.

Hapo ndipo dogo wetu wa fildi alipoingia. Tulikuwa na plagini ya kikoba cha akina mama ya kuandika, na dogo ni mwepesi, ana adabu, anasalimia mpaka printa. Akapewa kiolezo. Jina kwenye kiolezo limevaa nguo nne: plugin-name yenye kistari kwa mafaili, plugin_name yenye kistari cha chini kwa funksheni, Plugin_Name yenye herufi kubwa kwa klasi, na PLUGIN_NAME yote makubwa kwa yale yasiyobadilika. Dogo akaziona zote nne. Kwa bidii yake akaiona na ya tano, Plugin Name yenye nafasi katikati, ambayo aliamini wengine tulipitiwa. Akaingiza Kikoba, akabonyeza "badilisha zote", akafunga zipu, akapakia. WordPress ikamjibu kwamba ndani ya kifurushi haikuona plagini yoyote halali.

"Bro, inasema humu hakuna plagini."

"Humo kuna nini?"

"Kuna kikoba."

Tukafungua faili kuu. Mstari wa juu, ule ambao WordPress huutafuta kwa maneno yake kamili, sasa ulisomeka hivi: Kikoba: WordPress Plugin Boilerplate. Tukaurudisha. WordPress ikaiona plagini, ikakubali kuiwasha, ikaanguka papo hapo kwa kilio cha Failed opening required, kwa sababu ile "badilisha zote" hubadilisha kilichomo ndani ya mafaili, majina ya mafaili yenyewe haiyagusi. Msimbo ulikuwa unaita class-kikoba.php kwa nguvu zake zote, na folda imejaa class-plugin-name.php yaliyotulia tuli, hayajaambiwa kwamba yamebatizwa. Dogo akashinda mchana kutwa akiyabadilisha kwa mkono, moja moja, na kila alilolimaliza akalitaja kwa sauti, utadhani karani wa uchaguzi.

Majina yenyewe yana madhehebu mawili. La kwanza ni la WordPress: herufi ndogo tupu, kistari kati ya maneno, na faili la klasi lianze na class-, kiasi kwamba klasi iitwayo WP_Error hukaa ndani ya class-wp-error.php. La pili ni la PSR-4, kanuni iliyopitishwa na kundi la PHP-FIG mwishoni mwa 2013: jina la faili lifanane na jina la klasi herufi kwa herufi, Mwanachama ikae ndani ya Mwanachama.php, ili Composer ilikute yenyewe bila kuelekezwa njia. Mwenzangu wa meza ya pili ametokea kwenye Laravel, na ukimtajia class- anauliza kama kwenye orodha ya mishahara nako tuandike "mtu" mbele ya jina la kila mfanyakazi. Mimi ni muumini wa WordPress kwa sababu ndiko ninakolipwa. Bosi, ambaye anachukia ugomvi kuliko hasara, akaamua kila mmoja abaki na imani yake.

Hukumu hiyo ilizaa folda moja yenye class-mwanachama.php na Mwanachama.php, yote mawili yakitangaza klasi ileile. PHP ikapakia la kwanza, ikafika la pili, ikagoma: jina hilo tayari linatumika. Ukazuka mjadala lipi ni halisi. La class- lilijua kupiga hesabu ya riba lakini halikujua namba za simu. La Mwanachama lilijua namba za simu na likaamini kila mkopo ni bure. Kikao kikaitishwa, chai ikaagizwa na vitumbua, na kabla vitumbua havijaisha likazaliwa faili la tatu, class-Mwanachama.php, lililoridhisha pande zote na kuvunja kanuni zote mbili.

Mwenzangu huyo anatumia Windows. Kwa Windows, Malipo.php na malipo.php ni mtu mmoja. Ukimwita kwa jina lolote anaitika. Kwa Linux, inayoendesha seva nyingi za kupangisha tovuti, hao ni watu wawili wasiojuana hata kwa sura. Basi Ijumaa jioni, saa ambayo kila mwenye busara amekwisha funga kompyuta, akapakia plagini ya kikoba ambayo kwenye mashine yake ilikuwa ikikimbia vizuri ajabu. Jumamosi ni siku ya mkutano wao. Asubuhi simu ya mama mhazini ikanikuta bado nimejifunika shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watu wameshakaa kwenye mikeka, uji umeshanyweka, na kompyuta inaniletea Kiingereza cha kunitisha. Inasema kuna kosa kubwa kwenye tovuti hii. Sasa nataka kujua, aliyekosa ni nani, sisi au nyinyi?"

"Si mtu, mama. Ni herufi. Kuna M kubwa mahali panapotakiwa m ndogo."

Akanyamaza kidogo, nadhani akitafuta namna ya kuliwasilisha hilo mkutanoni.

"Kwa hiyo hisa za watu zimeshikiliwa na M."

"Ndiyo, mama."

"Basi itoeni hiyo M. Mimi huku nitawaimbisha."

Na kweli, kabla hajakata simu nikasikia mtu anaanzisha wimbo. Kuitoa M, hata hivyo, kulihitaji subira kuliko alivyodhani. Mwenzangu akabadilisha jina la faili, akawasilisha mabadiliko, na Git ikamwambia hakuna kilichobadilika, maana kwenye Windows nayo huwekwa isijali ukubwa wa herufi. Akabadilisha tena. Hakuna kilichobadilika. Akaizima kompyuta na kuiwasha, dawa ya kila maradhi. Hakuna kilichobadilika. Mwishowe akapitia njia ya mzunguko: Malipo.php akaigeuza kwanza kuwa malipo-x.php, kisha malipo-x.php kuwa malipo.php, na hapo Git ikasadiki. Kikoba kilikuwa kimeimba nyimbo zote kinazozijua na kuanza za shule ya msingi. Kwenye seva ilibaki nakala ya malipo-x.php iliyopakiwa katikati ya vurugu, na sasa imo kwenye orodha ya mafaili ambayo kila mgeni anaambiwa asiyaguse.

Kuna mafaili mengine ambayo jina lake ndiyo kazi yake. Kwenye mandhari za WordPress kiolezo cha ukurasa huteuliwa kwa jina: 404.php ni la aliyepotea njia, single.php la makala moja, archive.php la orodha, na index.php huangukiwa na chochote kilichokosa mwenyewe. Ukiandika page-matokeo.php, basi siku yoyote atakayotokea mtu wa kuunda ukurasa wenye anwani ya matokeo, faili hilo linainuka na kuushika, hata kama aliyeliandika amekwisha hama nchi.

Fundi wa zamani wa shule moja alikuwa ameacha page-matokeo.php la namna hiyo baada ya majaribio yake. Ndani yake palikuwa na jedwali la wanafunzi wa kubuni: Jaribio Moja, Jaribio Mbili, na mmoja ambaye jina lake lilitungwa kwa kutelezesha vidole kwenye kibodi, Asdf Asdf. Miaka ikapita. Mwalimu wa taaluma akafundishwa kuunda kurasa, akaunda ukurasa wa kwanza maishani mwake, akauita Matokeo, akabandika jedwali halisi la kidato cha pili, akachapisha na kutuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi akiwa na furaha yake. Jedwali lake halikuonekana popote. Lilionekana la Asdf Asdf, aliyepata 100 ya hisabati, 100 ya fizikia na 100 ya Kiswahili.

Simu zilizofuata zilikuwa za namna mbili. Wazazi wengine waliuliza majina ya watoto wao yako wapi. Wengine hawakuwa na habari na watoto wao. Walitaka kujua huyu Asdf anasoma tuisheni kwa nani.

Baada ya kurithi mikasa ya aina hii kwa muda mrefu, niliacha kupanga mafaili kwa kutazama yanaitwaje. Jina linakupa matumaini ya aliyeliandika siku aliyoliandika, basi. Mimi napanga kwa swali moja: nani huliita faili hili, na lini? Ukiuliza hivyo, vurugu yote hugawanyika katika makundi machache, na kila kundi linadai jina la namna yake.

Lipo kundi linaloitwa na WordPress yenyewe. Humo limo faili kuu kwa sababu ya maandishi yake ya juu, na uninstall.php kwa sababu ya jina lake. Hili uninstall.php lisichezewe: WordPress hulitafuta kwa jina hilohilo siku plagini inapofutwa kabisa, na ndimo zinamokaa amri za kufagia data. Kuzima plagini ni jambo jingine, na kwenye kiolezo lina faili lake, lile la deactivator. Tulirithi plagini moja ambayo fundi wake alizihamishia amri za kufagia kwenye deactivator, akaona ni usafi. Mwenye duka, mtu mwenye huruma, akaizima plagini usiku "ipumzike" na kuiwasha alfajiri. Iliamka imepumzika kwelikweli, haina kumbukumbu ya mteja hata mmoja. Kilichomwokoa ni nakala rudufu ya kampuni inayompangishia seva.

Lipo kundi linaloitwa na msimbo wetu wenyewe kwa ajili ya kutangaza tu: klasi na funksheni. Faili la kundi hili likipakiwa halipaswi kufanya lolote linaloonekana. Halichapishi neno, halitumi barua pepe. Ndiyo maana wazoefu huacha kuandika ile alama ya kufungia PHP mwishoni mwake, maana mstari mtupu ukisalia baada yake huchapishwa nao, na kuchapisha kabla ya wakati ndicho kiini cha lile kosa mashuhuri la headers already sent. Wakati fulani WordPress ilimlalamikia dogo kwamba plagini yake imetoa herufi 3 zisizotarajiwa wakati wa kuwashwa. Akalikagua faili mstari kwa mstari, hakuziona. Akaongeza ukubwa wa maandishi hadi skrini ikabeba maneno matatu, hakuziona. Ni baiti 3 za alama ya UTF-8 ambazo kihariri chake kilizipachika mwanzoni mwa faili bila kumwambia, na hazionekani kwa jicho hata ungeazima miwani ya bosi.

Lipo kundi la kuchora: mafaili ya partials na violezo. Haya yapewe data iliyokwisha andaliwa, kazi yao iwe kuipamba. Likianza kwenda hifadhidata lenyewe, mjue mtarudi kutafuta rangi ya kitufe kwenye faili la malipo na malipo kwenye faili la rangi. Na lipo kundi ambalo kazi yake ni kuwepo tu, mfano zile index.php zenye mstari mmoja wa maelezo usemao kwamba ukimya ni dhahabu, zilizowekwa kila folda ili mpita njia asiorodheshewe vilivyomo. Mama mhazini, ambaye siku hizi anaingia mwenyewe kwenye kidhibiti cha mafaili kwa jina la ukaguzi, alizikuta akanipigia.

"Mwanangu, kuna mafaili humu yameandikwa kusifu ukimya. Na hayo nayo mlitulipisha?"

"Hapana mama, hayo ni ya kujikinga na wadukuzi."

"Kwa methali?"

Kundi la mwisho ndilo lenye fitina: mafaili yanayoitwa na mtu wa nje. Mwenzangu, akiwa na hamu ya usafi baada ya sikukuu, aliamua kufagia plagini ya duka la mtandaoni. Akafanya kama vitabu vinavyoelekeza: akatafuta test.php kwenye msimbo wote, hakukuta mstari hata mmoja unaoliita. Akalifuta. Tovuti ikafunguka vizuri, kurasa zote, vitufe vyote. Akajipongeza kwa soda. Hadi jioni wateja walikuwa wamelipa kwa simu, pesa zimekatwa, jumbe za muamala wanazo, na oda zao zote zimeganda kwenye "inasubiri malipo".

Hakuna mstari wa msimbo wetu uliokuwa unaliita test.php, ni kweli. Lilikuwa linaitwa na seva ya kampuni ya malipo. Mteja akilipa, seva ile hugonga anwani iliyosajiliwa kwake kusema fulani amelipa kiasi fulani, na anwani aliyoisajili fundi wa kwanza, akiwa anajaribu tu, ilikuwa hiyo ya test.php. Jaribio likafaulu, fundi akalipwa, akaondoka, na hakuna aliyerudi kulipa faili jina la heshima. Kutafuta ndani ya msimbo kunakuonyesha waitaji wa ndani peke yao. Wa nje huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, ambako kila ombi lina tarehe, saa na anwani, na ambako test.php lilionekana likigongwa mchana na usiku. Tukalirudisha, oda zikatiririka, na mteja akaelezwa kwamba kulikuwa na matengenezo.

Bosi akatoa agizo: faili lolote lisilojulikana mwitaji lisifutwe, liandikwe juu yake maelezo ya kuhadharisha. Dogo, kwa bidii yake ileile, akapita folda zote akibandika "Usilifute, huenda linatumika" juu ya kila faili asilolielewa. Sasa onyo hilo lipo kwenye functions2.php, kwenye malipo-x.php, na kwenye mafaili matano ambayo yeye mwenyewe aliyaandika mwezi uliopita. Kila plagini mpya inanakiliwa kutoka ya zamani, kwa hiyo onyo linasafiri nayo, na mteja wa juzi tulimkabidhi mfumo mpya kabisa ukiwa umeshaonywa.

Nimemshauri dogo jambo moja la ziada, na nalitoa kwa yeyote anayejiandaa kuhifadhi misc.php saa tano usiku kwa ahadi ya kulipa jina zuri kesho. Pale juu ya faili kuu, chini ya ule mstari ambao WordPress huutafuta, kuna mistari mingine inayojazwa kwa fahari: Author, na chini yake Author URI. Mrithi wako ataanza kwa kufungua misc.php, atasoma, atavuta pumzi, kisha atapanda hadi hapo juu kutazama aliyeliandika ni mtoto wa nani na anapatikana wapi.